Pini ya Kichwa Chekundu

Watu wa mtaa ule walikuwa wameshazoea kujibiwa kwa pua. Ukiingia kwenye kibanda cha fundi cherehani ukamuuliza kama gauni lako liko tayari, alikutazama juu ya miwani, akatikisa kichwa kwa namna ambayo haikuwa ndiyo wala hapana, akasema, "Mm." Basi. Hapo ujitafsirie mwenyewe.

Si kwamba alikuwa na kiburi. Mdomo wake ulikuwa kazini. Mafundi wengine huchoma pini zao kwenye kimto kidogo kilichojazwa vipande vya nguo, lakini yeye alizibana kwa midomo, ncha ndani, vichwa nje, zikajipanga kwenye kona ya kushoto kama watu wanaosubiri zamu. Mkono ukitaka pini ulijiendea mdomoni wenyewe, kama mkono wa mla karanga unavyoijua njia ya mfukoni. Na midomo ilikuwa na akili zake. Ukimuuliza ameshika pini ngapi asingeweza kukujibu kwa hesabu, ila moja ikipungua midomo ilijua, vile ulimi unavyojua pengo.

Kwa hiyo wakamwita Fundi Mm, naye akaitika, kwa neno lilelile.

Jirani yake kinyozi, ambaye kibanda chake kilitenganishwa na cha fundi kwa ukuta wa mbao tu, alisema siri ya biashara ya fundi iko kwenye hizo pini. "Mtu aliyesema mm hajaahidi kitu," aliwaambia wateja wake huku akiwainamisha vichwa. "Leo ni mm, kesho ni mm. Huyu hata siku ya hukumu atajibu mm, na watamwacha apite kwa kuchoka."

Fundi alicheka kwa mabega, maana mdomo ulikuwa umejaa. Moyoni alijua kinyozi hakukosea sana. Kuna maswali mengi duniani ambayo mtu angependa kuyakwepa, na yeye alikuwa amepata njia ya kuyakwepa akiwa anaonekana mchapakazi.

Nyumbani alikuwa na mke aliyefanya kazi kiwanda cha mikate, anayetoka kabla jogoo hajajikung'uta na kurudi alasiri akinukia hamira, na binti mmoja ambaye alikuwa ametimiza mwaka na ushee. Mchana wote mtoto huyo alikaa kibandani na baba yake, kwenye mkeka nyuma ya cherehani, amezungushiwa majora ya vitambaa kama ng'ombe zizini. Meno yake yalichelewa. Watoto wa rika lake walikuwa wakiuma vidole vya watu, yeye anachekelea na fizi tupu, ndipo kinyozi akampachika jina la Kibogoyo, na jina likaganda. Halafu, kama abiria waliokosa usafiri wa asubuhi, meno yakaja kwa mkupuo. Hayakuuliza nani alale wala nani ashone.

Sasa, ilitokea wiki chache kabla ya haya ninayotaka kueleza, Kibogoyo alichomoa njiti za ufagio, akazipanga kwenye kona ya kushoto ya midomo yake, akavuta kipande cha kitambaa mbele yake, na alipoitwa akajibu, "Mm."

Kinyozi alicheka hadi akaweka mashine chini. Akawaita wateja, mmoja kichwa kimenyolewa nusu, waje kumwona fundi mdogo. Baba mtu naye alijaa fahari, akamwongezea mtoto kitambaa. Ikawa maonyesho. Katikati ya maonyesho mkewe akatokea, kapu la mkate mkononi, na kati ya watu wote waliosimama pale ni yeye peke yake ambaye hakucheka. Aliinama akazitoa zile njiti midomoni mwa mtoto, moja baada ya nyingine, taratibu, kama anatoa miba.

Jioni alimwambia mumewe, "Anakuiga. Leo ni njiti. Kesho?"

"Mm."

"Huna pini mdomoni saa hizi. Sema neno."

"Nimeacha," akasema fundi. "Kuanzia kesho, mdomoni haziingii."

Mke akafanya zaidi ya kuamini. Alimnunulia kimto cha pini chenye mpira wa kuvaa mkononi, na kipakiti cha pini mpya zenye vichwa vyekundu vya kioo, vinavyong'aa. "Hata ikianguka utaiona," alisema. Fundi akavaa kimto kama saa mpya, akamshukuru.

Mke akiwepo, kimto kilikaa mkononi. Mke akiondoka kilikaa mkononi kidogo, halafu kikahamia juu ya cherehani, halafu kikawa kinalala tu pale kama paka. Haukuwa uongo wa kupanga. Mkono ulizoea njia yake, na zile pini nyekundu nazo zikaishia kulekule kwenye kona ya kushoto. Kinyozi alichungulia akamwambia amefanana na mtu aliyeubusu mti wa miba wakati wa matunda.

"Mm," akajibu fundi. Moyo ukamchoma kidogo, akaendelea kushona.

Siku yenyewe ilikuwa mbaya tangu asubuhi. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na sare zilirundikana hadi dirishani: mashati yasiyo na kola, sketi zisizo na viuno, na kila mzazi anayepita anauliza la kwake. Kibogoyo naye aliamka na shavu moja jekundu. Uji alikataa. Udenda ulimshuka hadi kifuani, akawa anasaga kila kilichokaribia mdomo wake: futi ya kupimia, ukingo wa mkeka, kidole gumba cha baba yake.

Fundi alinawa mikono, akapitisha kidole kwenye ufizi wa nyuma. Kulikuwa na kitu kigumu kimevimba chini ya nyama, kama punje ya hindi iliyofunikwa kwa kitambaa. Gego. Akakandamiza pale polepole, na mtoto akatulia, macho yamelegea, akimwangalia baba yake kama mtu anayekunwa mgongo pale hasa panapowasha. Alipotoa kidole, kilio kikarudi.

Akachukua kitambaa safi cha pamba, akakilowesha, akakifunga fundo, akavuka njia kwenda kwa mama mwenye duka la mkabala.

"Mama, nakuomba tena nafasi kwenye friji."

"Friji yangu imekuwa kliniki," alisema mama mwenye duka, lakini alikwisha kuifungua. "Weka hapo karibu na soda. Juzi mteja alikiona akauliza ni kinywaji gani kipya. Nina dawa ya kupaka hapa, ya ganzi. Unataka?"

"Ya watoto?"

Mama mwenye duka aligeuza kichupa, akasoma, akakirudisha kwenye rafu. "Ya wakubwa. Baki na kitambaa chako."

Kitambaa kilipopoa kilifanya kazi yake. Kibogoyo aliling'ang'ania lile fundo kwa mikono miwili, akalitafuna kwa bidii ya mzee anayetafuna nyama ngumu, na kibanda kikapata amani. Fundi akabana pini zake nne nyekundu, akarudi kwenye sare.

Mchana kinyozi akaingia na suruali mpya, ndefu kupita kiasi. Jioni ile alikuwa anakwenda kwa wakwe watarajiwa, kujitambulisha. "Nifupishie hii, ndugu yangu. Nikienda hivi watasema bwana harusi anafagia sebule."

"Mm."

Kinyozi akaivaa nyuma ya pazia, akatoka, akasimama juu ya kigoda. Fundi akapiga magoti, akaanza kukunja upindo. Akashikiza mguu wa kulia. Akiwa hapo chini, fundo la kitambaa likamponyoka Kibogoyo, likabingirika chini ya cherehani, na mtoto akapiga ukelele wa mtu aliyeporwa.

"Aisee, huyo meno yake yana kipaza sauti," alisema kinyozi.

Fundi akainuka haraka, akamnyanyua mtoto, akamtembeza, akampa lile fundo baada ya kulisuuza. Kinyozi akavua suruali akairusha juu ya meza, anaharakisha kwani ana mtu kwenye kiti. Fundi akaishona na mtoto akiwa pajani, mguu mmoja kwenye kanyagio, mkono mmoja kwenye kitambaa, kilio sikioni. Akaipasi juujuu. Kinyozi akaipokea, akaenda zake akipiga mluzi.

Hapo ndipo fundi alipozitoa pini mdomoni ili apumzishe midomo. Zikaanguka kiganjani. Tatu.

Midomo ikamwambia: zilikuwa nne.

Akamtazama mtoto. Kibogoyo alikuwa amesukuma vidole vinne mdomoni hadi kwenye maungio, analia kilio kingine kabisa, cha chini, cha ndani. Na kwenye kile kitambaa chenye fundo palikuwa na doa dogo la damu, jekundu, ukubwa wa kichwa cha pini.

Alimfungua mtoto mdomo, akaumwa, akachungulia mwangani, akaona ulimi na mate na ufizi uliovimba. Akalala chini kifudifudi. Akatoa sumaku yake, kile kipande alichokitoa kwenye spika ya redio iliyokufa na kukifunga kamba, ambayo kila jioni aliiburuza sakafuni kukusanya pini zilizodondoka. Aliiburuza chini ya meza, chini ya mkeka, kwenye nyufa za mbao. Ikapanda na pini za zamani zenye kutu, nusu ya sindano, ndoana ya sidiria. Nyekundu, hapana.

Kituo cha afya hakikuwa mbali. Ni kutoka, kupita kisimani, kukata kona. Miguu yake ilijua hivyo. Lakini mtu akiwa na hatia huanza kujadiliana na nafsi yake kama wanunuzi wawili wa kitambaa kimoja. Angekuwa amemeza, angelia. Lakini si analia? Analia meno, amelia meno tangu asubuhi. Na hiyo damu? Meno hutoa damu. Na pini? Itakuwa imeingia kwenye ufa. Tangu lini sumaku yako ikashindwa na ufa?

Na chini ya mjadala wote huo kulikuwa na uso wa mkewe, akimwekea kimto mkononi.

Kibogoyo alitulia kidogo, akalala begani akiwa na kwikwi. Fundi akauchukua utulivu ule kama hukumu ya kumwachia huru. Kisha akafanya jambo ambalo baadaye lilimuumiza kuliko pini yenyewe. Alikiokota kimto pale juu ya cherehani, akakivaa mkononi, akazichoma zile pini tatu nyekundu, zikae wima, zionekane.

Mkewe akarudi alasiri. Akalitua kapu, akamnyooshea mtoto mikono. "Mbona macho yamevimba? Anaumwa?"

"Meno," akasema fundi. "Meno tu."

Hakuwa na pini hata moja mdomoni, ila neno lile "tu" lilitoka kwa shida kama lina ncha.

Mama mtu aliketi kwenye kigoda, akampakata. Akashika shavu lile jekundu kwa mgongo wa mkono. Akachovya kijiko kwenye maji ya baridi, akakilaza juu ya ufizi, akawa anamwimbia wimbo usio na maneno, wa kupanda na kushuka. Mtoto akamshika kidole. Ndipo akafungua kapu akatoa ganda gumu la mkate, lile la ncha, ambalo kiwandani huwaachia wafanyakazi. "Nimekubebea, mama. Tafuna hili, litoe hilo jino."

Kibogoyo akatafuna. Vipande vikalainika, akameza.

Fundi alisimama na shati la shule mikononi, anaangalia koo la mwanawe. Kila mtoto alipomeza, naye alimeza. Aliiona pini ile ikishuka na mkate, ikigeuka, ikitafuta pa kujishika. Hakusema.

Mke akainua macho, akakiona kimto mkononi mwa mumewe na vile vichwa vitatu vyekundu. Akatabasamu tabasamu la mtu aliyechoka. "Umekivaa," alisema. "Mimi nilidhani nikigeuka tu unarudi kulekule. Asante kwa kunisikiliza, Baba."

Mtu akikutukana unaweza kukasirika. Akikushukuru kwa jambo ambalo hukulifanya, utajificha wapi?

Mtoto akapaliwa kidogo, akakohoa. Si kitu, tonge la mkate lilikwenda vibaya. Lakini fundi alikuwa amekwisha ruka, shati chini. "Usimpe tena. Usimpe."

"Nini?"

"Pini moja siioni."

"Pini gani?"

"Nyekundu. Nimetafuta kwa sumaku."

Mkewe aliutazama mkono wenye kimto, halafu uso wake. "Ilikuwa imechomwa hapo, ikapoteaje?"

"Mm," akasema, kwa mazoea.

"Fundi," alisema mkewe. Hakuwa akimwita hivyo. Hivyo walimwita wateja. "Pini ilikuwa wapi?"

"Mdomoni kwangu."

Hakupiga kelele. Angepiga, ingekuwa afadhali. Alimfunga mtoto mgongoni, akavaa kiatu kimoja, akatafuta cha pili kwa mguu huku tayari anatembea.

Kwenye kituo cha afya waliokuwa foleni waliposikia neno pini na neno mtoto walisogea wenyewe. Daktari wa zamu alikuwa mwanamke mwenye sauti ndogo, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Alimpapasa mtoto tumbo, akasikiliza kifua, akauliza anapumua vipi, ametapika, udenda umezidi?

"Umezidi," alisema mke, "ila ana meno."

"Na hiyo pini ilipotea lini? Sasa hivi?"

Angeweza kusema sasa hivi. Daktari mwenyewe alikuwa amempa jibu mkononi, lililokunjwa na kupigwa pasi. Mkewe alikuwa amekaa na mtoto pajani, anampigapiga mgongoni, bado anaamini kwamba mumewe ameijua habari hii muda mfupi kabla yake.

Fundi alitazama ukuta. "Mchana," akasema. "Kabla mama yake hajarudi kutoka kazini."

Mkono wa mkewe ukasimama juu ya mgongo wa mtoto.

"Na tangu hapo amekula kitu?" daktari akauliza.

Fundi alifungua mdomo, lakini mkewe alimtangulia. "Mkate," alisema. "Ganda la mkate. Nimempa mimi." Akalisema tena, polepole, "Mimi." Kama vile kosa lilikuwa lake, kama vile angetakiwa kujua.

Fundi aliwahi kujidunga sindano ya cherehani kwenye kucha, ikaingia na kutoka. Haikufika alipochomwa na lile neno.

Wakapelekwa chumba cha eksirei. Mpiga picha, kijana mwenye aproni nzito kama godoro, alisema mzazi mmoja amshike mtoto asitikisike. "Nitamshika mimi," alisema fundi, na mkewe hakubisha wala hakukubali, alimkabidhi tu. Akavishwa aproni naye. Kibogoyo akamlilia usoni, akimshika masikio, akimwomba yeye amwokoe, yeye ambaye ndiye aliyemfikisha pale.

Picha ikatokea kwenye kioo. Mbavu ndogo kama meno ya kitana. Uti wa mgongo kama shanga. Na pale kifuani, nyeupe, inang'aa, imesimama peke yake, alama.

Mke akashika ukingo wa mlango.

Mpiga picha akainama karibu. "Hii ni duara," alisema. "Pini haiwi duara. Nilisema avuliwe kila kitu. Ana kifungo?"

Walimgeuza. Kwenye shingo ya kigauni kulikuwa na kifungo cha chuma cha kubonyeza. Fundi alikitambua. Alikishona mwenyewe, mshono mara mbili, kisije kikang'oka mtoto akakimeza.

Wakamvua, wakarudia. Safari hii palikuwa na mbavu tu, na tumbo lenye hewa, na hakuna kitu kingine chochote. Wakapiga na shingo. Hakuna kitu.

Daktari akawasha tochi, akamtazama mtoto mdomoni bila haraka. "Damu yenu hii hapa," alisema. "Gego limepasua ufizi leo. Njooni muone." Pembeni ya ufizi, katika mpasuko mwembamba, weupe ulikuwa umechungulia. "Kitambaa cha baridi kinatosha, au kidole safi. Akipata homa kali msiseme ni meno, mleteni. Na mambo ya pini," alimtazama fundi, kisha mkewe, akaamua kwamba maneno yake hayahitajiki. "Haya. Nendeni salama."

Njiani mke alitangulia. Fundi alifuata nyuma yake, akitazama kisogo cha mwanawe kikiyumba na mwendo. Alitarajia kufurahi. Furaha ilikuwepo, ila ilikuja kama mgeni aliyefika nyumba yenye ugomvi, ikakaa mlangoni.

Mbele ya kibanda walimkuta kinyozi, shati jeupe, viatu vya kung'aa, amesimama kwa mguu mmoja kama korongo.

"Fundi," alisema, "naomba uniambie ukweli. Ulikuwa unashona suruali au ulikuwa unanishona mimi?"

Akainua mguu wa kulia, akaugeuza upindo nje. Ndani ya mkunjo, imechungulia ncha tu, ilikuwa pini. Akaichomoa. Kichwa chekundu.

"Tumekaa sebuleni, watu wazima wote wananitazama," alisema kinyozi. "Nimekunja mguu kidogo tu, kitu kikanipata kwenye kifundo. Nimeruka wima. Baba mkwe akafikiri nimesimama kuhutubia, akanyamazisha watu. Ikabidi nihutubie. Nimeongea kuhusu umuhimu wa familia mpaka jasho."

Alisubiri kicheko. Mama Kibogoyo akanyoosha mkono, akaipokea pini, akaishika kwenye mwanga. Mabega yake yakaanza kutikisika. Alicheka, akaketi kwenye kigoda akicheka, na ghafla ikawa si kicheko tena. Kinyozi akaona kwamba ameingia mahali asipopajua. "Walinikubali lakini," alisema taratibu, akaingia kibandani kwake.

Mke alikichukua kimto kwenye mkono wa mumewe, akaichoma ya nne pamoja na wenzake.

"Kuhusu pini ningekusamehe hata bila kuombwa," alisema. "Pini ni kazi yako. Mimi mwenyewe nimeunguza mikate ya watu nikiwa nakuwaza wewe na mtoto. Lakini nilikaa hapa namlisha, na wewe umesimama pale unaniangalia."

Midomo ya fundi ilijibana, ikatafuta kitu cha kushika, ikakosa.

"Niliogopa uso wako," akasema hatimaye. "Niliogopa uso wako kuliko nilivyoiogopa pini. Ndivyo ilivyokuwa. Sina namna ya kuipinda ikae vizuri."

Usiku ule mkewe alilala upande wa mtoto.

Baada ya hapo wateja waligundua jambo geni: fundi anaongea. Ukiuliza gauni lako anasema, "Bado. Hata kitambaa sijakikata, nisikudanganye." Wengine walichukia, wakahamisha vitambaa vyao, na mama mwenye duka alisema alimpenda zaidi akiwa mm. Mkono bado ulimsaliti. Mara kwa mara uliinuka hadi kwenye kona ya kushoto ya mdomo, ukagusa ngozi tupu, ukashuka. Mara nyingine, mtoto akimeza uji tu, naye alimeza.

Gego la upande wa pili lilipoanza, Kibogoyo aliketi tena pajani kwake, fundo baridi mdomoni, shavu jekundu. Akakiangusha kitambaa, akanyoosha mkono hadi kwenye ufagio, akachomoa njiti, akazipanga midomoni kwa ustadi, akainua uso kumtazama baba yake.

"Mm," alisema.

Kwa upande wa pili wa mbao kinyozi alianza kucheka, akajizuia. Fundi alizitoa zile njiti, moja baada ya nyingine. Akanawa mikono, akaweka kidole kwenye ufizi, akakandamiza hadi macho ya mtoto yakalegea.

Hivyo ndivyo mkewe alivyowakuta. Akatua kapu. Siku hizi hakuuliza kama mtoto anaumwa, aliuliza tu, "Leo vipi?" na kungoja.

"Uji amekula nusu," alisema fundi. "Amejigonga kwenye mguu wa meza, nilikuwa nimempa mgongo. Amelia. Ameweka njiti mdomoni tena, nimezitoa."

"Hakuna kingine?"

Mkono wake ukapanda hadi kwenye kona ya mdomo, ukakuta patupu.

"Kipo," akasema, akavuta kutoka chini ya meza shati la shule la mtoto wa mama mwenye duka, lenye alama ya pasi mgongoni, kahawia, umbo kamili la pasi.